Lenzi ya Mbali

Kama hujawahi kumpiga picha mtoto wa miaka mitatu, usiniambie wewe ni mpiga picha. Maharusi kila mtu anawaweza. Bwana harusi unamwambia simama, anasimama. Bibi harusi unamwambia inua kidevu, anainua, na watakaa hivyo hivyo mpaka midomo iwakauke. Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia simama, kwanza anakuangalia kama vile wewe ndiye mtoto, halafu anaondoka. Ukigeuza kamera huku, yeye yuko kule. Ukienda kule, ameshapanda kiti, ameshuka, ameangusha ndoo, na ukitazama ulichopiga unakuta ukungu wenye miguu.

Dorcas Mayala aliyajua hayo kuliko wapiga picha wote wa Mwanza, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Hakuyasoma mahali. Alifundishwa na mtoto mmoja aitwaye Nusrat, ambaye hata hakuwa wake.

Dorcas alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, mwembamba, wa sauti ndogo. Kazi ya kamera alifunzwa na kaka yake Obedi, aliyekuwa akizunguka vijiji vya Magu kwa baiskeli akipiga watu picha siku za mnada. Akaolewa na Masele, wakaishi miaka tisa Misungwi, mtoto hakupatikana. Mwaka wa kumi ndugu wa Masele wakakaa kikao, na kikao cha namna hiyo hata usipoitwa unajua wamezungumza nini. Dorcas hakusubiri kuambiwa. Alifunga begi moja, akabeba kamera yake, akaja mjini. Akafungua studio ya mlango mmoja Mirongo, yenye pazia la bluu, stuli na taa mbili, na akapanga vyumba viwili Kiseke, kwenye nyumba ya wapangaji wanne wanaotumia bomba moja la uani.

Maisha yake yakawa ya pasipoti na vitambulisho. Mtu anaingia, anakaa kwenye stuli, anatoa macho, anaondoka. Kuna siku alifunga studio hajasema na binadamu yeyote zaidi ya "kidevu juu kidogo" na "usicheke." Nyumbani alipika chakula cha mtu mmoja, na hiyo nayo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, maana sufuria zote zinakuwa kubwa. Alikuwa mpweke, sitaki kulizungusha hilo. Alikuwa mpweke mpaka akawa anaiacha redio inaongea akitoka, ili akirudi akute kuna sauti ndani.

Halafu Sada akahamia chumba cha jirani, ukuta kwa ukuta na cha Dorcas. Sada alifanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, zamu za alfajiri, na mumewe Salehe alikuwa dereva wa malori, leo yuko Bukoba, kesho yuko Singida. Walikuwa na mtoto mmoja wa miaka miwili, huyo Nusrat. Asubuhi moja dada wa kazi alitoroka bila kuaga, na Sada, sare ya kiwandani mwilini na mtoto begani, akagonga mlango wa Dorcas.

"Dada Dorcas, samahani sana. Naomba unishikie mtoto leo tu."

Leo tu ile ikawa miaka mitatu.

Kila asubuhi mlango uligongwa, mtoto akaingia na kikombe chake cha uji, wakaondoka wote kwenda Mirongo. Studioni hakukuwa na cha kuchezea, kwa hiyo Nusrat alichezea pazia, stuli, na wateja. Dorcas naye akaanza kumpiga picha. Za mwanzo zilikuwa aibu tupu: nusu sikio, kisigino, ukuta mtupu mahali mtoto alipokuwa sekunde iliyopita. Lenzi yake ilikuwa ile ya kawaida iliyokuja na kamera, nzito kidogo kushika fokasi ili picha isitoke na ukungu, na ndani mlikuwa na giza. Lakini mwalimu wake alikuwa hachoki. Dorcas akajifunza kumvizia karibu na dirisha, kwenye mwanga. Akajifunza kupiga haraka, kushuka chini, kulala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji na gauni lake la kazi, mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto. Wateja walimkuta hapo chini wakadhani ameanguka.

Na Nusrat alikuwa na mchezo wake. Akiiona kamera tu, alitoka mbio kuifuata mpaka pua ikagusa lenzi, akaweka kidole chenye uji katikati ya kioo.

"Nusrat, kioo!" Dorcas alifoka.

"Kioo!" mtoto alirudia, akicheka mpaka akakaa chini.

Dorcas alifuta kioo kwa pindo la khanga, akinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika, na moyoni alikuwa anaomba arudie tena. Mtoto akampa jina, Mama Picha. Uani wote wakalichukua. Na sikilizeni, mtu ambaye ndugu wa mume wamemkalia kikao kwa kukosa jina hilo la kwanza, la Mama, ukimwita Mama Picha mara ishirini kwa siku, unafikiri anajisikiaje? Alikuwa akitembea amenyooka, hata viatu alinunua.

Mtoto alipokaribia miaka mitano, akaugua. Homa ilipanda mpaka akapata degedege, wakamkimbiza hospitali, wakalazwa, yeye na mama yake. Siku ya pili Sada alirudi nyumbani mara moja kuchukua nguo. Dorcas alikuwa uani anaanika mashuka, yuko nyuma ya shuka haonekani, na kwenye bomba alikuwepo Teodora, mpangaji wa chumba cha mbele, mama mtu mzima ambaye hakuna jambo la nyumba ile lililopita bila yeye kulisemea.

"Mtoto anapigwa picha asubuhi, mchana, jioni," alisema Teodora, "tena na mtu ambaye tumbo lake halijawahi kubeba. Wewe Sada unategemea nini?"

Dorcas alisimama na kibanio cha nguo mkononi. Alisubiri Sada ajibu. Angesema hata "acha hizo, mama," ingetosha. Sada hakusema kitu. Aliokota ndoo yake, akaingia ndani.

Mtu unaweza kusema, huo si upuuzi? Ni upuuzi, tena mkubwa. Dorcas alimaliza kidato cha nne, alikuwa anaimba kwaya, na alijua picha ni mwanga tu unaoingia kwenye tundu. Alijua. Lakini mtoto alikuwa amelala hospitali hafungui macho, na ukimpenda mtoto, akili zako za kidato cha nne zinakaa pembeni. Aliingia chumbani, akafungua kompyuta, akazifuta picha zote za Nusrat. Miaka mitatu. Kisha akafuta za kwenye kamera, akabandua ile moja iliyokuwa ukutani, Nusrat akiwa amevaa ndoo kichwani, akaiweka kwenye jiko la mkaa na kusimama hapo mpaka ikaisha.

Siku ya tatu mtoto akaamka akaomba chai na andazi. Daktari alisema ni malaria na sindano zilifanya kazi. Dorcas aliamini hivyo. Mchana aliamini hivyo kabisa. Usiku hakuwa na hakika.

Baada ya hapo mambo yalikatika bila ugomvi. Mama yake Salehe alikuja kutoka Ujiji kumuuguza mjukuu, akabaki. Nusrat akaandikishwa chekechea ya Mwalimu Dorotea, kule chini karibu na ziwa. Mlango wa Dorcas haukugongwa tena asubuhi. Hakuna aliyemkataza chochote, na yeye hakuuliza. Alijifanyia hukumu mwenyewe na kuitumikia mwenyewe. Alitoka kabla watu hawajaamka, akarudi wamekwisha kula. Akimwona mtoto uani alisema "hujambo, Nusrat" huku anatembea. Mwaka mzima na zaidi ukapita hivyo, na redio ikarudi kuongea peke yake.

Mwishoni mwa Novemba, Mwalimu Dorotea alipita studioni. Alitaka Dorcas apige picha za mahafali ya chekechea, watoto ishirini na wawili.

"Wale wako wanajua kukaa?" aliuliza Dorcas, kwa kutania.

"Kukaa? Hata mimi hawanijui ninapowaambia wakae," alisema mwalimu, akacheka. "Piga tu wanavyokimbia. Halafu, umesikia Nusrat anatuacha? Baba yake amepata kazi Mpanda, wanahama wote. Mahafali Jumamosi, Jumatatu safari."

Dorcas alisema "aa, kumbe," akaandika tarehe ya mahafali. Mwalimu alipotoka, alikaa kwenye stuli ya wateja. Mtoto anaondoka, na yeye hana picha yake hata moja. Si kwamba ana chache. Hana hata moja. Akitaka kuukumbuka uso ule baada ya miaka miwili atautoa wapi? Basi akajiwekea jambo moja: Jumamosi atapata picha moja ya Nusrat, anamtazama yeye, macho kwa macho. Moja tu, atulie nayo.

Lenzi yake ya zamani ilikuwa imeanza kukwama, kwa hiyo akaenda kwa Mzee Nurdin, fundi wa kamera, ambaye pia huuza vifaa vilivyotumika kwenye kijiduka chake huko huko Mirongo. Uwezo wake ulikuwa wa lenzi moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dorcas. Leo umetukumbuka. Unataka ya nini?"

"Ya watoto. Mahafali ya chekechea."

"Wanakimbia?"

"Mzee, wanakimbia mpaka basi."

Mzee Nurdin akafungua kabati, akatoa kitu kidogo kama kopo la mafuta ya kupaka. "Lenzi ya milimita hamsini. Chukua hii, nenda zako. Inafungua mdomo mkubwa, mwanga wote unaingia, unapiga haraka haraka, mtoto haachi mkia wa ukungu nyuma. Nyepesi: mkono mmoja kamera, mkono mwingine unamdaka asianguke. Ila unakuwa naye karibu, hatua nne, tano. Na ndiyo dawa yenyewe. Akikuzoea anakupa uso wake."

Dorcas aliitazama hamsini, hakuigusa. Hatua nne. Hatua nne kutoka kwa Nusrat, na pale ni mama yake, ni bibi yake, ni Teodora na macho yake yale. Na kama mtoto akiugua tena njiani kwenda Mpanda?

"Na ile?" aliuliza, akionyesha ndude ndefu nyeusi iliyolala rafu ya juu.

"Ile?" Mzee Nurdin alicheka mpaka miwani ikateleza. "Ile ilikuwa ya kupigia swala Serengeti. Milimita mia mbili, haivuti karibu wala hairudishi mbali. Ukitaka mtoto aonekane mzima, hesabu hatua kumi na nne. Akisogea yeye, unarudi nyuma wewe. Kwani hao wa chekechea wanang'ata?"

Dorcas hakucheka. "Inaona vizuri huko mbali?"

"Inaona mpaka kope."

"Nipe hiyo."

Mzee alimtazama juu ya miwani. "Mtoto si swala, Dorcas. Hamkimbii mtu anayemjua."

"Nipe hiyo hiyo, mzee."

"Haya. Ukishindwa, irudishe, hamsini nakuwekea." Akaifunga kwa kitambaa. "Na kwa hii, shika jicho la mtoto tu. Jicho likiwa safi, mengine yote yakiwa ukungu hakuna atakayeuliza."

Wiki nzima Dorcas alifanya mazoezi na watoto wa mbuzi waliokuwa wakirukaruka kwenye mawe ya Kiseke, na msicheke, mtoto wa mbuzi na mtoto wa chekechea wana akili zile zile. Alijua sasa kuishika kamera kwa kiganja chini ya lenzi, viwiko vimebana mbavu, jicho la mbuzi limekaa katikati halitoki. Mpaka Ijumaa alikuwa hakosi.

Jumamosi ilikuwa na jua safi na upepo kutoka ziwani. Uwanja wa chekechea unateremka kuelekea maji, una majani mafupi, na mwisho wake kuna mawe makubwa na ua wa michongoma. Mahema mawili, spika mbili, watoto ishirini na wawili kwenye majoho ya bluu yanayong'aa, kofia zikiwaziba macho. Sada alikuwa kiti cha mbele na mama mkwe wake. Teodora naye alikuwepo, amealikwa kama jirani, amevaa kitenge kipya. Dorcas alisimama kule mwisho, karibu na mawe.

Mwalimu Dorotea alimfuata mpaka huko. "Dada Dorcas, mbona umekaa mbali kama unawinda? Njoo mbele!"

"Lenzi yangu ni ya mbali, mwalimu. Nikija karibu haioni."

Na wala hakudanganya. Ndiyo uzuri wa lenzi ile, ilimpa sababu ya kweli.

Kazi ilikwenda vizuri. Aliwapata wakiimba midomo wazi, akampata mmoja analia kwa sababu ya kofia, akawapata wawili wanagombania kiti. Nusrat alimpata akicheza ngoma, akimnong'oneza mwenzake, akimkimbilia mama yake. Kwenye tundu lile dogo la kuchungulia alikuwa karibu kabisa, Dorcas aliona hata kovu dogo la nyusi, alilolipata kwa stuli ya studioni. Ila kila picha mtoto alikuwa anamtazama mtu mwingine. Dorcas aliendelea kusubiri.

Ikaja keki. Nyie mmehudhuria mahafali, mnajua hapo ndipo watu wanapotoa leso. Mwalimu Dorotea akashika kipaza sauti: "Wahitimu wetu, sasa kila mmoja achukue keki akamlishe aliyemlea!" Watoto wakavamia meza. Nusrat alimlisha mama yake, akamlisha bibi yake, watu wakapiga vigelegele. Dorcas akapiga picha zote hizo, kisha akahamia kwa watoto wengine, maana alikuwa kazini.

Alipomrudia Nusrat, hakumkuta kwenye kundi. Alimkuta ametoka nje ya hema, peke yake kwenye majani, kofia imerudi kisogoni, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi.

Ndiyo yenyewe! Akashika jicho, akabonyeza. Mtoto akaanza kuja. Hatua kumi na nne, mtoto mzima, akabonyeza. Hatua kumi, miguu ikatoka kwenye picha. Dorcas akarudi nyuma, akabonyeza. Nusrat akaongeza mwendo, anatabasamu, mkono mmoja ameunyoosha mbele, na Dorcas akajua ni ule mchezo wao, anakuja kuweka kidole kwenye kioo. Akarudi nyuma tena. Pale hemani Teodora alikuwa amesimama, kiganja juu ya macho, anaangalia upande wao. Na Sada pia alikuwa ameinuka. Dorcas akarudi nyuma hatua tatu za haraka, mpaka michongoma ikamchoma mgongoni, hapakuwa na pa kurudi tena. Nusrat alikuwa umbali wa hatua sita. Dorcas akageuza kamera upande wa ziwani, akapiga picha za maji, kama mtu ambaye hakumwona.

Alipothubutu kutazama tena, mtoto alikuwa anarudi hemani polepole, kichwa chini.

Lakini alikuwa ameipata! Usiku ule alizikagua: picha saba mfululizo, na katika zote Nusrat anamtazama yeye, macho yale yako safi, kope moja moja. Chini ya kidevu kulikuwa na kitu cheupe kimeziba sehemu ya joho, ukungu tu, mkono labda. Hakujali. Alilala amefurahi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita.

Jumatatu asubuhi Sada akaingia studioni Mirongo. Alikuwa peke yake, mfuko wa vyombo vya mwisho mkononi. Salehe alikuwa anapakia lori. Bibi na mtoto walitangulia alfajiri kwa basi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Sada. Karibu. Picha ziko tayari."

Sada alikaa kwenye stuli, akazitazama kwenye kompyuta. Alicheka kwa yule mtoto wa kofia. Zikafika zile saba. Akainama karibu na kioo cha kompyuta, akaweka kidole kwenye ule weupe.

"Hii ndiyo keki yako."

"Keki gani?"

"Alichukua kipande cha tatu, akakifunga kwenye tishu. Nikamuuliza cha nani, akasema cha Mama Picha, amesema mwalimu kila mtu amlishe aliyemlea. Mimi nikamwambia mpelekee. Nikasimama niangalie." Sada alikuwa haondoi macho kwenye picha. "Nilikuwa namwomba Mungu wangu usimame, dada. Ukarudi nyuma, ukarudi nyuma. Nikasema, basi, alishatuchoka. Kumlelea mtu mtoto miaka mitatu, hata ningekuwa mimi ningechoka."

"Kuwachoka?" alisema Dorcas. "Sada, niliwasikia bombani. Teodora alisema yale maneno, na wewe hukumjibu."

Sada aligeuka. Ilimchukua muda kukumbuka ni siku gani.

"Siku ile nilikuwa sijalala siku mbili," alisema. "Sikuwa na mdomo wa kumjibu hata malaika. Niliingia ndani nikalia. Nilikuwa nakusubiri wewe uje unishike. Hukuja."

Dorcas hakuja, kwa sababu wakati huo alikuwa chumbani, kompyuta iko wazi, anafuta. Ukuta mmoja tu kati yao. Mimi nikifika hapa nashikwa na hasira, sijui nimkasirikie nani.

Sada akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Haya, yamepita. Mimi hasa nilichokuja kuomba ni zile za zamani. Alivyokuwa mdogo. Sisi simu yetu ile iliibwa, hatuna hata moja. Na ile ya ndoo kichwani, Salehe anaiulizia kila siku."

Dorcas alisimama, akalinyoosha pazia la bluu ambalo lilikuwa limenyooka.

"Nilizifuta," alisema.

"Zote?"

"Mtoto alikuwa hafungui macho, Sada. Nikaogopa isije ikawa kweli."

Sada aliuweka mfuko chini. Akamtazama yule mwanamke mrefu aliyekuwa ameshika pazia, miaka mitatu ya mtoto wao wote wawili ameifuta yote ili mtoto apone, na hakupata neno la kumlaumu. Aliinuka akamkumbatia. Walilia wote, tena kwa sauti, mteja mmoja alichungulia mlangoni akaghairi.

Simu ya Sada ikalia. Ni bibi, basi limeshapita Nzega, mtoto amekula, ametapika mara moja, hajambo. Sada akasikiliza, akasema, "Mpe nimsalimie. Nusrat? Nipo na mtu hapa," akampa Dorcas simu.

Dorcas aliishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na kelele za injini, na sauti ya mtoto akipumua karibu sana na simu, kama alivyokuwa akipumua kwenye kioo.

"Nusrat," alisema. "Ni Mama Picha."

Mtoto akajibu: "Keki nilikula mimi."

"Umefanya vizuri, mama."

"Mbona ulikuwa unarudi nyuma?"

Dorcas alifungua mdomo amwambie kwamba lenzi yake ilikuwa ya mbali, ukikaribia haioni. Ilikuwa hapo hapo mezani, kubwa, nyeusi, kifuniko kimefungwa. Akashindwa kulisema.

"Niliogopa, mama."

"Uliniogopa mimi?"

Kukawa na mkwaruzo, basi likaingia mahali pasipo na mtandao, sauti ikakatika. Sada alinyoosha mkono kupokea simu yake, lakini Dorcas alikuwa bado ameishika sikioni, anasema, hapana, mama, hapana, si wewe, si wewe.